Mwaka Niliomteremsha Kunguru Nyikani

Nilipokuwa kijana niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi na mchungaji kwa mpigo mmoja, kwamba Msambaa, mtu wa mlimani, akifia nyikani kule chini, roho yake huchukuliwa na kunguru wa kule kwenda kuandikishwa kazi ya kukata mkonge milele. Simaanishi mkonge wa mfano. Namaanisha mkonge wenyewe, wenye miiba, na posho ya unga wa kupimwa kwa kopo. Ushahidi ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Kunguru wetu wa mlimani ni mweusi tii, mdomo wake mnene kama nyundo, na nyuma ya shingo ana baka jeupe ambalo kila mtu alijua ni kipande cha sanda, alichogawiwa ili atambulike awapo kazini. Huyo ndiye anayezipokea roho zetu na kuzipeleka kwenye majabali, ukunguni, zikapumzike. Kunguru wa nyikani weupe wake umeshuka mpaka kifuani, na ukimtazama vizuri utaona amevaa fulana ya manamba, wale vibarua wa mkonge. Huyo ni mnyapara. Kila mmoja ana mpaka wake na haukanyagi wa mwenzake, kama wakuu wa wilaya. Niliyapata haya kwa mtu aliyeyapata kwa mtu ambaye shemeji yake alifia nyikani, kisha baada ya matanga akaonekana karibu na Korogwe ameshika panga, hataki kusalimiwa.

Nimeyakumbuka kwa sababu mjomba wetu, mdogo wake Mama, amefariki, na tumekutana Lukozi kumzika. Baridi ya Lukozi siku hizi imekuwa na wivu. Ikimwona mtu anayetoka Tanga mjini inawaacha wengine wote na kumfuata yeye. Kwa hiyo baada ya mazishi niliwakimbia wanaume wenzangu walioketi barazani, nikaingia jikoni kwa wanawake, mahali ambapo mzee wa umri wangu anavumiliwa kama paka. Dada yangu Zaina alikuwa anamenya viazi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo amepata wajukuu wengi kuliko viazi alivyokuwa navyo mbele yake. Kupitia mlangoni niliona kunguru akitua juu ya paa la jirani, yule wa kwetu, mwenye baka shingoni, na kabla sijafikiri nikajikuta nimesimama na kofia nimeivua.

"Babu, unamwamkia nani?" mjukuu mmoja akauliza.

"Namwamkia afisa usafirishaji," nikasema, na kwa kuwa walicheka, ikabidi niwasimulie. Nimeisimulia habari hii katika misiba mingi, na sifichi kwamba kila msiba kunguru wangu huongezeka uzito kidogo. Lakini hapa nitajitahidi kumweka katika ukubwa wake, ambao ulikuwa kama wa mbuzi wa wastani.

Habari za ukoo wetu sizielezi. Ukoo wetu ni mrefu kuliko mkutano wa kijiji. Inatosha kusema kwamba ulikuwa mwaka wa vijiji vya ujamaa, mimi nikiwa na ndevu mpya na akili mpya kuliko ndevu. Tulitangaziwa kwamba mlimani watu wamebanana, mashamba yamekuwa membamba kama mikanda, na kule chini kuna ardhi tambarare inayosubiri watu wenye moyo. Mimi nilikuwa na moyo wa watu kumi. Kwenye mkutano nilinyoosha mikono yote miwili, mpaka mwenyekiti akauliza kama nimejisalimisha. Nyumbani nilimhubiria Mama kila jioni: shule ya watu wazima ipo, zahanati ipo, trekta iko njiani. Mama alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka akamaliza ungo mzima, ndipo akasema, "Kama wewe umeridhika, mwanangu." Siku ya kushuka alifunga chungu na kuku wake mmoja, akaufunga mlango kwa kamba, akatangulia kuteremka ule ukingo wa mlima kama mtu anayekwenda sokoni, mimi na Zaina tukimfuata. Tulipofika chini nilimwuliza anapaonaje. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Pamenyooka," akasema.

Nyumba yetu ilikuwa katika mstari, na mistari ilikuwa imepigwa kwa kamba, kila mlango ukiitazama barabara ambayo haikuwa na gari. Udongo wa kuta ulikuwa haujakauka tulipohamia, kwa hiyo ndani palinuka mvua ingawa nje mvua ilikuwa imesahaulika. Sisi watu wa mlimani tumezoea moto uwake ndani mchana kutwa, tuukalie, tuukohoe, tufanye kila kitu kwa kuuzunguka. Kule chini moto ulikuwa adui. Mama aliuwasha kwa sababu hakujua kupika bila kuukalia, na jasho lilimtiririka mpaka kwenye kisogo, naye akawa analifuta kwa upindo wa khanga na kusema ni moshi. Tulikula ugali wa yale mahindi ya njano ya msaada, ugali wenye rangi ya alizeti na ladha ya gunia, kwa mlenda. Siku yalipopatikana maharage Mama alipika makande, akatupakulia, na yeye akakaa mlangoni na sahani yake akiuangalia mlima, ambao kwa mbali ulikuwa wa buluu na juu yake wingu limelala kama blanketi lililosahaulika. Makande yake yalipoa. Niliyamalizia mimi, nikimsifu.

Na kunguru walikuwepo. Tangu siku ya kwanza walitupokea, wenye fulana zao nyeupe, wakatembea juu ya nyasi za paa kwa hatua za mtu anayekagua. Kila Mama aliposugua sufuria walishuka kugombea ukoko. Mimi niliwahesabu kwa wasiwasi lakini nyumbani sikuyasema, kwa kuwa nilikuwa mwanachama mwenye msimamo. Niliyasema shuleni. Shule yetu tuliiita ya usiku ingawa ilianza jua likiwa bado kali na kufungwa giza lilipokaribia, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanasifiwa tu, hayaonekani. Tulisomea ndani ya ghala, tumekalia magunia, na mwalimu wetu alikuwa binti wa Pangani aitwaye Rehema, mwenye sauti ya kumwamsha aliyezikwa. Siku alipouliza faida za ndege nilisimama nikaeleza utaratibu wote, wa sanda na wa fulana, kwa ukamilifu.

"Na hao wanyapara," Mwalimu Rehema akauliza, "siku ya mapumziko wanayo?"

"Hilo sijalifanyia utafiti, mwalimu."

"Basi keti, Athumani, uje utuambie."

Ghala zima lilicheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nilimaliza shule ile nikiwa wa kwanza. Wenye roho mbaya watakwambia wengine walikuwa wameacha, lakini hata kubaki ni elimu.

Mvua ilipofika ilikuja na mbu ambao naamini walikuwa na pembe. Waliotoka mlimani wakaanza kuanguka nyumba hata nyumba, na Mama akaanguka mapema. Homa ilimpanda mchana ikamtetemesha mpaka kitanda cha kamba kikawa kinalia, kisha ikamwacha amelowa, mdogo, macho makubwa. Bwana dawa wa zahanati alimpa vidonge vichungu. Akavitapika. Alimpa tena, akavitapika tena, pamoja na uji, na baadaye hata maji. Bwana dawa alitutoa nje, akasema asitikiswe, moyo umechoka, akitikiswa utasimama. Alisema vile huku anatazama viatu vyake. Mimi na Zaina tulirudi ndani, kila mmoja akaokota kazi ambayo haikuwepo.

Nilikuwa nimeegemea ukuta kwa nje, nasuka kamba, niliposikia maneno yao. Ukuta ule haukuzuia hata kikohozi.

"Yule wa fulana amekuja tena," Mama alisema.

"Mama, anafuata ukoko."

"Kwa wengine anafuata ukoko. Mimi ananitazama."

"Basi nitamfukuza."

"Ukimfukuza, hapa si ndiyo kwao? Nikifia hapa wataniandikisha, Zaina. Wa kwetu hafiki huku. Wa kwetu ataniona wapi?"

Nilisikia Zaina anakamua kitambaa ndani ya beseni. Mimi niliiweka ile kamba chini, kwa maana Mama alikuwa ametamka kile nilichokuwa nakiogopa tangu tuhamie, na alikitamka kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi. Nikaingia. Akanitazama, akajaribu kunichekea.

"Athumani. Ile njia ya kupanda juu, mvua haijaikata?"

"Inapitika kwa mbuzi, Mama," nikasema, na tukacheka sote watatu, kwa kuwa nilikuwa nimejipa kazi ya kuwachekesha na nilikuwa naifanya kwa bidii kubwa. Akageukia ukutani.

Nikimfikiria yule kijana leo, namwona jinsi akili yake ilivyokuwa inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mama hawezi kutikiswa. Gari hakuna. Njia ni ya kupanda kwa magoti hata kwa mzima. Kwa hiyo Mama hawezi kumfuata kunguru. Ndipo nikapata jibu, na nikajiona nimezaliwa kwa ajili ya saa ile: kunguru atamfuata Mama. Nilimwita Zaina nyuma ya nyumba nikamweleza.

"Umeshikwa na homa na wewe?" akaniuliza.

"Dada, wewe una njia nyingine?"

Akaingia ndani akaniletea tenga la kuku.

Nilipanda alfajiri na tenga kichwani. Kila nilipopumzika nilitazama chini nikaona mabati ya zahanati yanang'aa, nikajiambia bado yupo, bado yupo, nikainuka. Katikati ya mlima baridi ilinipokea, na harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni za mlimani ikanigonga kifuani mpaka nikakaa chini nikalia kama mtoto. Ndiyo, mimi niliyenyoosha mikono miwili. Nilipita nyumbani kwetu. Kamba ya mlango ilikuwa vilevile alivyoifunga. Migomba ilikuwa imeinama na mikungu, na maharage ya jirani yalikuwa yametoa maua mpaka mlangoni. Sikukawia, kilichonileta hakikuwa maua.

Lukozi ilikuwa siku ya soko. Nyuma ya bucha, mahali pa kuchinjia, kunguru wa shingo nyeupe walikuwa wamekaa juu ya jiwe wamenyamaza, kama wazee wanaosubiri kesi. Mchinjaji alikuwa Bakari, mtu mkubwa mwenye kucheka taratibu. Nilimwomba utumbo.

"Wa kula?"

"Wa kumtegea kunguru."

"Siku hizi chini mnafuga kunguru? Ujamaa umefika mbali."

"Ni wa mgonjwa, kaka Bakari. Mama."

Aliacha kucheka. Alikata kipande, akakitazama, akakata kingine kikubwa zaidi. "Hongea," nikasema, neno letu la shukrani. Nilisimamisha tenga juu ya kijiti, nikakifunga kamba, nikalala kifudifudi kwenye matope mchana mzima, na soko likiondoka likawa linanipita. Watu walinong'ona juu yangu. Mama mmoja alinifunika gunia akidhani nimeanguka kifafa. Jua lilipoanza kupoa yule mkubwa kuliko wote akashuka juu ya jiwe, akatembea kuja, akaingia chini ya tenga bila wasiwasi, nikavuta. Nilivyopigwa na mbawa zile sielezi. Alinitoboa kiganja, alinichana sikio, na nadhani alinitukana kwa Kishambaa. Bakari alinisaidia kumfunga tenga kwa kamba za mgomba, na yeye ndiye aliyenilaza kwake, akanitoa kulipokucha.

Kushuka nilikimbia. Tenga mgongoni, kunguru ndani anapiga mbawa kila nilipoteleza, na mimi nazungumza naye njia nzima. Nilimwambia: Mama ni mtu mwepesi, hatakuchosha. Nilimwambia ukifika usitazame wale wa fulana, ni watu wa maneno. Nilimwomba radhi kwa kila shimo la njiani, kwa jua, kwa ubaya wa kijiji chetu. Niliposhuka kwenye joto alinyamaza, akatanua mdomo, na mimi nikaongeza mbio kwa hofu kwamba tutakuwa na maiti mbili.

Mama alikuwa bado yupo. Zaina alikuwa amemketisha, amemwegemeza kifuani kwake. Niliweka tenga karibu na kitanda na kuliondoa lile gunia la yule mama wa sokoni, nililomfunikia njiani. Kunguru alisimama, akageuza kichwa, na baka lake likaonekana jeupe kabisa katika giza la chumba kile.

"Nimemleta, Mama. Wa kwetu. Sasa yupo hapa."

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi: matope, sikio, kiganja.

"Amechoka," akasema. "Mpe maji."

Nikampa. Mama akaunyoosha mkono, vidole vikapita kati ya fito za tenga, na yule ndege, aliyekuwa amenitoboa mwili mzima, hakumfanya kitu.

"Nyumbani umepita?" Mama akaniuliza.

"Nilipita."

"Kulikuwa na ukungu?"

"Upo, Mama. Mwangalie shingo yake."

"Na migomba?"

"Imezaa. Mama, tazama, ni yule mkubwa, nilimngoja siku nzima."

"Kamba niliyofunga mlangoni, ipo?"

"Ipo. Ipo vilevile."

"Ipo," akarudia. Akafumba macho. Zaina alikuwa anamkanda mabega na ameuma mdomo wake wa chini. Mimi nilichutama kando ya tenga nikimwangalia kunguru tu, nisije nikapitwa na kitu. Nje watu walikuwa wanaitwa sala ya alasiri niliposikia Zaina anasoma shahada polepole katika sikio la Mama, na niliponyanyua uso, pumzi ilikuwa imeshatoka.

Nilifanya nilichokuwa nimekipanga. Nilibeba tenga mpaka nje, nikakata kamba za mgomba. Alitoka akitembea, akatikisa mbawa, akaruka. Wale wa fulana waliinuka kutoka kwenye mapaa yote wakamfuata wakipiga kelele, wakamzunguka, wakamdonoa mkia, naye akapanda, akapanda, mpaka wakachoka wakarudi mmoja mmoja. Akaelekea mlimani moja kwa moja. Nilisimama barabarani nikamtazama mpaka akawa nukta, na nukta ikaingia kwenye lile wingu. Tulimzika Mama kesho yake asubuhi, katika udongo mwekundu ambao licha ya mvua ulikuwa mgumu mpaka majembe yakapinda, na watu wote pale walilia, mimi peke yangu sikulia. Nilijua hayumo. Alikuwa amefika.

Hivyo ndivyo nilivyowasimulia wajukuu jikoni kule Lukozi, na nilipofika kwenye kunguru kutukana kwa Kishambaa walianguka kwa kicheko. Zaina hakucheka. Aliendelea kumenya. Aliwatuma watoto maji, wote kwa pamoja, na ndoo moja. Walipotoka akafuta kisu kwenye khanga.

"Athumani," akasema, "umeisimulia hivyo tangu tuko vijana, nami nikanyamaza kwa sababu ilikuwa inakusaidia. Lakini mjomba amekwenda, waliomjua Mama tumebaki mimi na wewe. Mama hakuwa na habari na kunguru."

"Dada, ulikuwepo. Alisema mwenyewe wataniandikisha."

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa angesema nini? Alishuka kwa ajili yako. Ulikuwa unatembea kijiji kizima na kifua mbele. Mtu atamwambiaje mwanawe wa hivyo, nirudishe? Akasema kunguru." Alitia kiazi ndani ya maji, akachukua kingine. "Kunguru hachukui mtu. Mama alitaka kurudi nyumbani, na mimi na wewe tuliogopa kumbeba."